Damu Yangu Inakwenda Wapi? Barua Zenu Kuhusu Ini, Tumbo na Utafiti

Wasomaji wangu wa Kusini, salamu kutoka Mikindani. Mwezi huu barua nyingi zimegusa ini na tumbo, na ukizisoma pamoja utaona zinauliza jambo lilelile kwa midomo tofauti: hawa watu wa utafiti wanataka nini kwetu, na sisi tunapata nini? Ni swali ninalolipenda, maana ndilo lililokuwa kazi yangu. Nilianza kama muuguzi wa wodi, baadaye nikaingia kwenye timu za utafiti zilizozunguka vijiji vya Lindi na Mtwara, nikiwa na boksi la baridi la sampuli na mkoba wa fomu za ridhaa. Fomu hizo nimezisoma kwa sauti vibarazani, zahanati na chini ya mikorosho. Barua nimezifupisha, na majina nimeyaweka kando.

*Shikamoo Bibi. Nina miaka 27. Nilipokuwa mjamzito nilipimwa kliniki nikaambiwa nina homa ya ini B. Mtoto sasa ana miezi minane, na mimi sisikii ugonjwa wowote. Juzi hospitalini nimeombwa niingie kwenye utafiti. Watanifuatilia miaka mitatu, damu kila baada ya miezi sita, na ini litapimwa kwa mashine. Mjomba amekataa katakata. Anasema damu zetu zinauzwa, na kwamba tutapewa vidonge visivyo na dawa ili waone nani atakufa. Nifanyeje? – Mama Mtoto, Mtwara mjini*

Marahaba mwanangu. Kabla ya utafiti tuzungumze habari za mtoto, maana yeye ndiye wa haraka. Mtoto akiambukizwa homa ya ini B wakati wa kuzaliwa au akiwa mchanga, uwezekano wa virusi kubaki mwilini mwake ni karibu asilimia 90. Mtu mzima mwenye afya njema akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvifukuza wenyewe. Wanaobaki navyo hawafiki asilimia 5. Ndiyo sababu chanjo huanza mapema. Fungua kadi yake ya kliniki uangalie: chanjo ya homa ya ini B imo ndani ya sindano ya paja anayochomwa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kama zote tatu zimejazwa, vizuri sana. Akitimiza mwaka, mpeleke apimwe damu ujue kama amesalimika. Ukipata mimba nyingine, mwambie mkunga mapema kwamba una virusi hivi, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apate chanjo ya kwanza ndani ya saa 24 tangu azaliwe, na mama mwenye virusi vingi anaweza kupewa dawa akiwa bado mjamzito. Kunyonyesha, endelea. Na kama nyumbani yupo mtu anayekutengea kikombe na sahani, mwambie aache. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja wala kupeana mikono. Unapita kwenye damu na kwenye kujamiiana. Wembe na mswaki viwe vyako peke yako, ukichanjwa chale dai wembe mpya, na mumeo apimwe. Akiwa hana virusi, achanjwe.

Sasa nije kwa mjomba. Amesema mambo mawili na yote mawili yanastahili jibu.

La vidonge visivyo na dawa ni kweli, lakini habari imemfikia nusu. Kuna utafiti wa kufuatilia, ambao hautoi dawa mpya. Unapima watu kwa muda mrefu na kuandika nani anabaki salama na nani ini lake linaanza kukakamaa. Kwa ulivyonieleza, huo ndio ulioombwa kuingia. Kuna pia majaribio ya dawa, ambapo washiriki hugawanywa kwa kura, kundi moja likapewa dawa mpya na jingine cha kulinganishia. Katika kundi la pili ndipo kidonge kisicho na dawa huweza kutumika, na hata daktari anayekuhudumia mara nyingi hajui nani amepata nini, ili macho yake yasione nafuu anayoitamani. Ila Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walilipitisha mwaka 1964 na kulirekebisha mara kadhaa, mara ya mwisho mwaka 2024, linataka dawa mpya ilinganishwe na tiba bora iliyopo. Kidonge kitupu kinaruhusiwa pale ambapo hakuna tiba iliyothibitishwa, au kwa sababu nzito za kisayansi, na bila kumweka mshiriki kwenye hatari ya madhara makubwa. Kwa homa ya ini B tiba ipo, inaitwa tenofoviri, ileile inayotumiwa na wenye VVU. Haimalizi virusi, ila inavibana visiendelee kuchoma ini. Mtu anayestahili tenofoviri hawezi kunyimwa kwa kisingizio cha utafiti. Akinyimwa, huo si utafiti, ni uovu, na una mahali pa kushtakiwa.

La damu. Hofu ya mumiani ni ya zamani pwani yetu na mimi sikuwahi kuicheka. Watu waliotawaliwa, wakachukuliwa nguvu zao bila kuulizwa, wana haki ya kuuliza juu ya damu yao. Kijiji kimoja upande wa Newala, mzee mmoja alisikiliza fomu yangu yote mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Damu yangu inakwenda wapi?" Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Kwa kawaida huchukuliwa mililita 5 hadi 10, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai. Chupa hubandikwa namba badala ya jina lako. Nyingine hupimwa siku hiyohiyo, nyingine huzungushwa kwenye mashine, majimaji yake yakatengwa na kuhifadhiwa kwenye friza. Kama sampuli itasafirishwa nje ya nchi, fomu lazima iseme hivyo na pawe na mkataba maalumu ulioidhinishwa. Mzee akatikisa kichwa, akauliza tena: "Na majibu yatarudi lini?"

Hapo alinishika pabaya, na mpaka leo hilo ndilo linaloniuma kwenye kazi hii. Nimeona watafiti wakija na magari, wakikusanya walichokusanya, wakaondoka, na kijiji kisisikie tena neno. Makaratasi yakaandikwa mbali kwa lugha ambayo mama wa Kitangari hawezi kuisoma. Hawakuuza damu ya mtu, lakini walichukua na hawakurudisha, na mwanakijiji haoni tofauti kubwa hapo. Mimi pia naona tofauti hiyo ni ndogo. Kwa hiyo swali la mzee lichukue liwe lako. Waulize: majibu yangu nitapewa lini, na nani atanieleza? Mkimaliza, mtarudi kutuambia mmegundua nini?

Utauliza, kwa nini wasiwapime Wazungu wakatuacha sisi? Wamewapima sana, na hapo ndipo shida ilipo. Kujua kama ini la mgonjwa limekakamaa, njia ya zamani ilikuwa kulichoma sindano na kukata kipande kidogo. Njia rahisi ni hesabu inayotumia vipimo viwili vya kawaida vya damu, kimeng'enya cha ini na chembe sahani (zile zinazogandisha damu), ukapata namba. Kwa miaka mingi namba iliyotumika kusema "huyu ini limesinyaa" ilikuwa 2, na chimbuko lake lilikuwa takwimu za watu wa mbali na sisi. Mwaka 2023 zikachapishwa takwimu za watu zaidi ya 3,500 kutoka nchi 8 za Afrika kusini mwa Sahara, wote wenye homa ya ini B. Ikaonekana kwamba ukitumia namba ile, wengi ambao ini lao tayari limesinyaa unawaambia hawana neno, rudini nyumbani. Kwa watu wetu namba iliyofaa ilikuwa 0.65. Machi 2024 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya, likashusha kipimo hicho na kupanua sana kundi la wanaostahili dawa. Kwa vigezo vya zamani walistahili kati ya asilimia 8 na 15 ya wenye virusi. Kwa vipya ni zaidi ya nusu. Mwanangu, yawezekana wewe mwenyewe umo ndani ya hiyo nusu. Na namba ile haikubadilishwa na profesa aliyekaa peke yake akiwaza. Ilibadilishwa na watu kama wewe waliokubali kunyoosha mkono, wakarudi tena kila walipoitwa.

Nenda hata Gambia. Mwaka 1986 chanjo ya homa ya ini B ilikuwa ghali na haitoshi. Wakaamua kuieneza nchi nzima hatua kwa hatua kwa miaka minne, eneo baada ya eneo, huku wakiandika kila mtoto aliyechanjwa na ambaye chanjo ilikuwa haijamfikia, watoto wapatao 120,000. Walitaka kujua kama chanjo ya utotoni itazuia saratani ya ini ukubwani. Saratani hiyo huchukua miongo kujitokeza, kwa hiyo walioanza utafiti ule walijua kwamba jibu kamili wangelipata wakiwa wazee, au lingepatikana wao wameshaondoka. Taiwan nao walianza kuchanja watoto wao mwaka 1984, na miaka kumi na kitu baadaye saratani ya ini kwa watoto ikaonekana kupungua waziwazi. Sindano ya wiki 6 ya mwanao imetoka kwenye subira ya namna hiyo.

Kwetu mjomba ana sauti, wala sikushauri umvunjie heshima. Nenda naye. Omba siku ambayo muuguzi wa utafiti atakaa nanyi wote wawili aisome fomu taratibu, kwa Kiswahili, na mjomba aulize mpaka aridhike. Timu nzuri itafurahi. Timu inayokimbia maswali ya mjomba, wewe nawe ikimbie. Lakini saini ni yako, mwili ni wako, na sheria ya utafiti inakutambua wewe. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi asiyekuwa mtu wa utafiti.

Kwenye fomu tafuta namba ya kibali cha maadili. Tafiti za afya nchini hupitia kamati ya taifa ya maadili iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na majaribio ya dawa hupita pia kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Pawe na simu ya mtafiti na simu ya kamati. Uliza nauli italipwa na nani, uliza ukidhurika nani atakutibu na kama kuna bima, uliza nani ataona jina lako. Kisha uliza lililo kubwa kuliko yote: nikijitoa mwaka wa pili, nitaendelea kutibiwa hapa hospitalini? Jibu halali ni moja tu, nalo ni ndiyo. Wakijibu vizuri, mimi kama mama yako ningekuambia ingia. Kupimwa ini kila baada ya miezi sita ni jambo ambalo mwenye virusi hivi analihitaji hata bila utafiti, na wengi huku kwetu hawalipati. Ile mashine haikati wala haichomi. Inapima ugumu wa ini kupitia kwenye mbavu, umelala chali.

*Dada Muuguzi, mimi ni mkulima wa korosho. Vidonda vya tumbo vinanisumbua mwaka wa nne. Nimepima damu mara tatu kwa nyakati tofauti, kila mara naambiwa wadudu bado wapo, napewa dawa upya. Jirani anasema ni pilipili na mawazo. Nishike lipi? – Mkulima, Tandahimba*

Kaka, jirani yako anasema walichokuwa wanasema madaktari wa dunia nzima mpaka miaka ya 1980. Walioligeuza hilo ni watu wawili wa Perth, Australia: Robin Warren, aliyekuwa akitazama vipande vya tumbo kwenye hadubini, na Barry Marshall, daktari kijana. Waliona bakteria aliyejipinda kwenye matumbo ya wagonjwa, wakashindwa kumkuza maabara. Mwaka 1982, wakati wa Pasaka, sahani za maabara ziliachwa siku nyingi kuliko kawaida kwa sababu ya sikukuu, na ndipo alipoota. Wenzao hawakuamini. Mwaka 1984 Marshall akanywa mchuzi wa bakteria hao yeye mwenyewe, akaugua, tumbo lake likapimwa, likakutwa limewaka. Wakapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2005. Bakteria huyo ni Helicobacter pylori, ndiye "mdudu" unayeambiwa.

Sasa tatizo lako, na hili nalisema kwa uchungu maana nalisikia kila wiki. Kipimo cha damu kinatafuta askari wa mwili waliopigana na bakteria. Bakteria akifa, askari hao hubaki kwenye damu miezi mingi, pengine miaka. Unaweza kuwa ulipona tangu dozi ya kwanza, na kipimo bado kikasema "ndiyo". Kujua kama umepona, kipimo kinachofaa ni cha choo kikubwa, kinachomtafuta bakteria mwenyewe, au kile cha kupuliza pumzi panapopatikana. Kifanyike wiki nne au zaidi baada ya kumaliza antibaotiki, na uwe umeacha omeprazo, ile dawa ya kupunguza asidi tumboni, kwa wiki mbili, la sivyo bakteria anajificha na jibu linakudanganya upande wa pili. Muulize daktari kipimo hicho kabla hujameza dozi nyingine. Na dozi yenyewe ni dawa kadhaa kwa pamoja, kwa kawaida siku 14. Ukiikata siku ya tano kwa sababu maumivu yameisha, unamfundisha bakteria kuizoea dawa.

Jambo jingine hukuniandikia, lakini msimu wa korosho naujua. Mgongo unauma kwa kuinama kuokota, watu wanatafuna diklofenaki na asprini asubuhi na jioni. Dawa hizo zinachimba vidonda tumboni zenyewe, bila mdudu wala pilipili. Kama unazitumia, hapo ndipo pa kuanzia. Na siku ukiona choo cheusi tititi, au ukatapika damu, au unakonda bila sababu, usipime tena dukani. Nenda hospitali ya rufaa ukaangaliwe tumbo kwa kamera.

*Kwako Muuguzi. Kaka yangu alikuwa na macho ya manjano, mkojo mweusi, chakula hakipiti. Mganga wa hapa kwetu alimpa mizizi ya kuchemsha, ndani ya wiki nne akawa mzima kabisa. Kwa nini nyie wa hospitali hamtaki kukubali dawa zetu za asili mpaka zitoke kwa wengine? – Mpenda Asili, Nachingwea*

Ndugu yangu, mimi sizikatai. Bibi yangu mzaa mama alikuwa anajua miti, na nchi hii ina sheria ya tiba asili ya mwaka 2002 pamoja na baraza lake, na pale Muhimbili kitengo cha kutafiti dawa za asili kilianza mwaka 1974, kikawa taasisi kamili mwaka 1991. Dawa mseto ya malaria tunayomeza leo ina mzizi wake kwenye mmea wa Kichina, na mama aliyeitoa humo, Tu Youyou, alipata Nobeli mwaka 2015. Miti inaweza. Nakubali moja kwa moja.

Lakini tazama ugonjwa wa kaka yako. Manjano ya ghafla kwa mtu mzima, mara nyingi ni homa ya ini A, E au B iliyoingia karibuni. A ikimshika mtu huwa haibaki mwilini, huondoka yenyewe. E nayo kwa kawaida huondoka yenyewe, ingawa kwa mjamzito ni hatari kubwa. B kwa mtu mzima huondoka yenyewe kwa zaidi ya watu 95 katika kila 100. Huondoka baada ya muda gani? Wiki kadhaa. Sasa mgonjwa huenda kwa mganga lini? Akiwa amezidiwa, macho yamekolea, yaani karibu na kilele. Chochote atakachopewa siku hiyo, mizizi, maji ya dafu, au asipewe kitu, wiki nne baadaye wengi watakuwa wazima, na aliyemhudumia atapokea shukrani. Mganga anaamini kwa dhati kwamba dawa yake imeponya, kwa sababu ameona kwa macho yake. Naye hasemi uongo. Ameona wagonjwa waliopona. Hakuona ambao wangepona vilevile bila yeye, na waliokufa makwao hawakurudi kumwambia.

Hii ndiyo sababu ya kundi la kulinganishia ambalo mjomba wa Mtwara analiogopa. Chukua wagonjwa wengi wa manjano, wagawe kwa kura, nusu wapewe matunzo ya kawaida, nusu wapewe matunzo yaleyale pamoja na mizizi ya mganga wenu, wapimwe ini kila wiki na mtu asiyejua nani yuko wapi. Kama wa mizizi wanapona mapema, mimi nitakuwa wa kwanza kupiga vigelegele, na mganga wenu atajwe jina na alipwe haki yake. Kura ina kazi yake hapo. Bila kura, wenye nguvu ndio watakaopanda pikipiki kwenda kwa mganga, wanyonge watabaki wodini, halafu tutaisifu mizizi kwa kazi iliyofanywa na nguvu za mgonjwa.

Tena kuna upande ambao lazima niuseme. Ini ndilo linalochuja kila tunachomeza. Ipo mimea inayoliumiza, na nimewauguza wodini watu waliokuja na manjano kidogo wakiwa wamekunywa dawa za kuchemsha kwa wiki kadhaa, wakaishia kupoteza fahamu. Sikuweza kujua kama ni ugonjwa au ni mizizi, na wenyewe hawakuwa na nguvu za kueleza walikunywa nini. Kwa hiyo naomba hivi: mtu akitumia dawa ya asili, aje hospitali na jani lake au mzizi wake mfukoni, autaje bila kuona haya. Na muuguzi atakayemgombeza kwa hilo, nami nasema hadharani, anakosea.

Kaka yako apimwe homa ya ini B hata kama yuko mzima. Yawezekana yumo kwenye wale wachache ambao virusi hubaki.

*Bi Muuguzi, nimesikia karanga zenye ukungu zinaleta saratani ya ini. Sisi tunazibagua, nzuri tunauza, zile nyeusi zilizosinyaa tunatwanga kwa mboga. Kuna ubaya? – Msomaji, Masasi*

Upo, dada, na mkubwa. Fanya kinyume chake: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye uchungu zitupwe, kuku wasipewe, na watoto msiwatilie kwenye uji. Ukungu huo unatoa sumukuvu. Iligunduliwa baada ya mwaka 1960, pale batamzinga wapatao 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga, mimi nikiwa bado sijaingia shule. Sisi watu wa Kusini karanga tunazijua. Waingereza walijaribu kuzilima kwa matrekta hapo Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, wakashindwa. Sumu yenyewe haikuja na mtu, inaota popote pana joto na unyevu. Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125. Hapa kwetu mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Kuchemsha na kukaanga hakuiondoi. Anika juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo; kausha mpaka ukitikisa ganda mbegu ziite; hifadhi juu ya chaga, mbali na ukuta. Hayo yanahusu pia mahindi na makopa ya muhogo. Na kwa mwenye homa ya ini B hatari haijumlishwi tu, inazidishwa: virusi na sumukuvu vikikutana kwenye ini moja, uwezekano wa saratani hupanda kupita kila kimoja kikiwa peke yake. Mama Mtoto wa Mtwara, na hili likufikie.

*Shikamoo. Nina watoto wawili, wa 2001 na wa 2006. Wote walichanjwa chanjo zote za utoto. Je, wamekingwa na homa ya ini B? – Baba, Kilwa Masoko*

Marahaba. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B kwa watoto wachanga mwaka 2002. Wa 2006 tafuta kadi yake. Kama alikamilisha dozi tatu, yuko vizuri. Huyo wa 2001 yaelekea hakuipata kwenye chanjo za kliniki za wakati ule, hata kama kadi imejaa. Sasa ni mtu mzima. Apimwe kwanza, akikutwa hana virusi, achanjwe sindano tatu: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, na ya mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Wewe na mama yao mpimwe siku hiyohiyo. Mkienda ulizeni mapema kama chanjo ya watu wazima ipo na bei yake, maana vituo vingine haviwi nayo kila siku, na nauli ya Kilwa kwenda Lindi si ya kutupa bure.